Aliyeufunga Mguu

Mama mkwe wangu, Dorsila, alifika Nairobi mwezi wa Mei 1987 akiwa na kuku mmoja kwapani na samli ndani ya chupa ya soda. Alitoka Ugenya kuja kumsaidia binti yake Peres, mke wangu, aliyekuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza. Mtoto tulimwita Lornah. Miaka miwili baadaye Mama Dorsila alikuwa amekufa, na watu wetu wote, wa mjini na wa nyumbani, walikuwa wamekubaliana kwamba yeye ndiye aliyemharibu Lornah mguu. Mimi peke yangu nilijua kwamba si yeye. Naandika ili nisianze kusahau, maana mtu akizeeka na uongo wake huanza kuuona kama kumbukumbu.

Tulikuwa tukikaa Kawangware, chumba kimoja cha mabati chenye sakafu ya simenti. Kwetu sisi Wajaluo mama mkwe halali nyumba moja na mume wa binti yake. Hata kutazamana usoni kwa muda mrefu ni utovu wa adabu. Mnaongea mmoja akitazama mlango na mwingine akitazama sufuria. Mwezi wa kwanza nililala kwa rafiki yangu, Kangemi. Rafiki akahamishwa Nakuru, nikakosa pa kwenda. Basi Peres akachukua shuka la maua, akalitundika kwa waya katikati ya chumba. Upande huu kitanda chetu, upande ule godoro la Mama.

"Mji ni mji," Peres alisema. "Hata Mungu anajua hapa ni Kawangware."

Tukajiambia kwamba pazia ni ukuta. Mama Dorsila alijitanda leso kichwani akaingia upande wake, na kwa mwaka mzima sikuwahi hata kumsikia akikohoa.

Lornah alipofika miezi mitatu Peres alirudi kazini Spring Valley, kufua na kupiga pasi kwa familia moja ya Wahindi. Mimi nilikuwa mpanga herufi katika kiwanda kidogo cha uchapaji pale River Road, mali ya Mahesh. Tulichapa kadi za harusi, kalenda na matangazo ya mazishi. Mama ndiye aliyebaki na mtoto. Kila asubuhi alimtoa juani, akamkanda kwa samli, akamnyosha mikono, akamkunja magoti na kumkunjua, huku akimwimbia kwa sauti ya chini kama mtu anayemwambia mwenzake siri. Lornah akiwa na miezi tisa alikuwa akisimama kwa kushika kitanda. Miezi kumi, anazunguka chumba kizima akishika ukuta. Majirani walimwita Askari, kwa sababu hakupitwa na mtu mlangoni bila kumkagua.

Jumamosi moja ya Aprili 1988 Peres alikuwa kazini, na Mama alienda kununua maji kioskini. Foleni ilikuwa ndefu. Nilibaki na Lornah. Tulikuwa na mchezo wetu wa siku zote: namrusha juu, namdaka. Alikuwa akifika karibu na mabati anafungua vidole vyote kumi, kisha anashuka akicheka mpaka kwikwi inamshika. Redio ilikuwa ikitangaza mpira. Nilimrusha, mtangazaji akapaza sauti, nikageuza kichwa.

Sikugeuza kwa muda mrefu. Paja lake liligonga ukingo wa kigoda, kisha likagonga sakafu. Nilidhani kitu kama hicho kingekuwa na sauti kubwa, lakini ilikuwa ndogo, kama kitabu kilichoanguka chumba cha jirani. Alilia. Kisha akanitazama, akanyamaza ghafla, akaendelea kunitazama.

Mama aliporudi nilikuwa nimemlaza kitandani.

"Amelala?" aliuliza akiwa mlangoni.

"Amelala, Mama."

Ningesema hapo, ingekuwa habari ya dakika moja. Mtoto ameanguka, twende hospitali. Lakini niliona aibu. Mwanaume mzima kumwangusha mtoto kwa sababu ya mpira wa redio! Nikasema nitamwambia Peres jioni. Jioni nikasema kesho.

Kesho yake paja lilikuwa limevimba. Mama alikaa na mtoto kizingitini, mgongo wake ukiwa kwangu.

"Baba Lornah, kuna kitu kimemuumiza hapa. Labda jana wewe uliona?"

"Labda ni mdudu, Mama."

Mama mkwe hamuulizi mkwewe mara mbili. Swali la pili ni tusi. Alipasua leso yake ya kijani, akakunja vipande viwili vya boksi, akaufunga mguu kuanzia kiunoni mpaka chini ya goti. Kwa wiki sita aliufungua na kuufunga tena, bila kumwambia mtu kwa nini. Peres alipouliza, alijibu kwamba mguu wa mtoto ukivimba hufungwa, hata yeye alifungwa hivyo.

Mtoto alipopata homa Peres alimpeleka zahanati, nami nikaandamana nao, nimeshika kadi ya kliniki. Foleni ilifika barabarani. Muuguzi hakumvua hata gauni.

"Alianguka mahali?" aliuliza akiandika.

"Hapana, sista," Peres alisema. "Anakaa na mama yangu. Hamwachi hata dakika moja."

Muuguzi akanitazama mimi. Nikatazama kadi. Tukapewa dawa ya maji, tukaambiwa ni meno.

Mguu ulipofunguliwa, uvimbe ulikuwa umekwisha, lakini Lornah hakuwa yule mtoto tena. Ukimweka mahali, anabaki hapo hapo. Ukirudi baada ya saa nzima unamkuta palepale, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Hakutambaa wala kushika ukuta. Alikuwa ameanza kusema "dada" na "maji". Maneno hayo nayo yakapotea. Nilikuwa nasikia watu wakisema kwamba mtoto haelewi mambo. Mimi niliogopa kwamba anaelewa. Nilipopita mbele yake macho yake yalinifuata mpaka nitoke nje, na hata nikiwa kazini, katikati ya mchana, mashine zikipiga na watu wakipigiana kelele, nilihisi kwamba nikigeuka nitamkuta ameketi juu ya rundo la karatasi, ananitazama.

Mwezi wa Juni akaja baba mdogo Ogutu. Alikuwa mfanyakazi wa reli na ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo wetu hapa Nairobi. Alikuja Jumapili baada ya kanisa, akakalia kiti pekee tulichokuwa nacho, akamtazama mtoto, kisha akalitazama pazia.

"Nani analala nyuma ya hilo shuka?"

Mama Dorsila alikuwa nje akiosha vyombo, na vyombo vikaacha kulia.

"Nimeuliza."

"Ni mama yangu, baba," Peres alisema.

"Mama yako. Na mume wako analala wapi? Juu ya mti?"

"Baba, chumba ni kimoja..."

"Kimoja! Mimi nilikuja Nairobi mwaka wa hamsini na saba, tukilala wanaume wanane chumba kimoja kule Landhies, nyumba za reli. Uliwahi kusikia nimelala na mama mkwe?" Alimwonyesha Lornah kwa kofia yake. "Haya sasa, mnauliza mtoto ana nini. Mtoto ana chira."

Kwetu chira ni ugonjwa unaomshika mtu au mtoto wake kwa sababu mwiko umevunjwa. Hauna dawa ya hospitali. Unamkausha mtu polepole, na njia ya kuuzuia ni kuondoa kile kilichouleta.

Nilikuwa nimesimama kando ya kitanda. Nilikuwa na maneno mdomoni, yamepangwa vizuri kama herufi kwenye fremu. Nikasema, "Tumesikia, baba."

Mama Dorsila aliondoka Jumanne asubuhi. Hakulia. Alimkanda Lornah mara ya mwisho, akamwachia Peres chupa ya samli. Nilimbebea mzigo wake mpaka kituo cha mabasi. Tulitembea kama inavyotakiwa, yeye mbele kidogo, mimi nyuma, hakuna aliyemtazama mwenzake. Alipopanda alisema, akitazama mlango wa basi, "Baba Lornah, mguu wake usipigwe na baridi." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwake.

Pazia tuliliondoa. Lornah alikuwa akikaa akitazama upande ule wa chumba, na mara mojamoja midomo yake ilicheza kama anayeimba, ila sauti haikutoka.

Mwaka ukaisha, Februari ikafika. Chira ilikuwa imeondolewa lakini mtoto hakutembea. Pale kiwandani nilikuwa nakosea kazi. Nilipanga kadi ya harusi nikamwandika bwana harusi kama marehemu, neno la tangazo la mazishi lililokuwa jirani. Ephantus, mwenzangu, aliishika hewani watu wote waione.

"Huyu Lazarus ameua bwana harusi! Hata keki haijakatwa!"

Wakacheka. Mahesh alitoka ofisini kwake, akaisoma kadi, hakucheka.

"Wewe iko na shida gani? Kila siku kosa, kila siku kosa."

"Mtoto wangu, Mzee. Ana karibu miaka miwili, hatembei."

Alivua miwani. "Kwa nini hapana sema? Dada ya bibi yangu, Indu, kazi yake hiyo. Watoto ya miguu. Lete Jumamosi Parklands, mama yake pia. Bas."

Indu alikuwa mwanamke mwembamba, nywele fupi, koti jeupe limekunjwa mikono. Chumba chake kilikuwa na mikeka, mipira mikubwa, na ngazi ya mbao yenye vipandio vitatu isiyoelekea popote. Hakuanza na mguu. Alikaa chini na Lornah, akampa kijiko, akamtazama akicheza nacho. Kisha akatuuliza, "Aliwahi kuanguka?"

"Hapana," Peres alisema.

"Baba?"

"Hapana."

Akamwinua Lornah taratibu. Mpaka kifuani alikuwa sawa. Alipompitisha mabega, mtoto akakauka mwili mzima. Alishika koti la Indu kwa ngumi mbili, macho wazi, pumzi imesimama, wala hakulia. Indu akamshusha, akasubiri, akamwinua tena. Ikawa vilevile. Peres alipomwinua, ikawa vilevile.

"Sasa baba."

Nilinyosha mikono. Sikuwa nimemgusa bado. Lornah alikauka pale pale chini alipokaa.

Indu alinitazama, kisha akaandika kitu. Alisema mtoto akapigwe eksirei, tukarudi na picha Jumamosi iliyofuata. Aliipachika dirishani.

"Mfupa wa paja ulivunjika zamani. Umejiunga, lakini umepinda kidogo, na mguu huu ni mfupi kidogo kuliko mwingine. Hilo si kubwa, tutaweka soli nene kwenye kiatu." Akageuka. "Kuna mtu aliufunga huu mguu. Nani?"

"Mama yangu," Peres alisema.

"Mwambie asante. Bila yeye ungekuwa mbaya zaidi. Mguu unaweza kutembea hata leo. Ni mtoto ambaye hataki. Mwili wake unakumbuka kitu, na mimi sijui ni nini, basi napapasa tu. Nikijua alivyoumia, nitajua pa kuanzia. Tafadhali mkumbuke vizuri."

Hapo tena mlango ulifunguliwa mbele yangu. Peres aliitazama ile picha mpaka macho yakamjaa.

"Aliufunga kwa sababu alijua," akasema polepole. "Mama ndiye alimwangusha. Alimwangusha, akaogopa kuniambia, akaufunga mguu kimya kimya. Nilimwamini! Nikaenda kufulia watu shuka nikijua mtoto wangu yuko na mama yangu!"

"Nyar Ugenya," nilimwambia, yaani binti wa Ugenya, jina nililomwita tukiwa wawili, "pengine..."

"Pengine nini?"

"Pengine hakukusudia."

Nilisema hivyo. Kati ya maneno yote yaliyokuwepo.

Peres aliandika barua jioni ile, kurasa mbili, kalamu ikitoboa karatasi. Alinipa niipeleke Posta. Niliipitisha asubuhi nikielekea River Road. Nilisimama mbele ya sanduku, watu wakinipita, na nilikuwa na mikono miwili mizima ya kuichana. Niliitumbukiza.

Jibu lilikuja mwezi wa Aprili. Lilikuwa limeandikwa na mtoto fulani wa shule pale kijijini, mwandiko mkubwa wa kufuata mstari, maana Mama hakujua kuandika. Nakumbuka yote.

"Peres mwanangu, nimepata barua yako. Ni kweli. Nilimwangusha Lornah Jumamosi ile niliporudi na maji. Niliteleza naye mlangoni. Niliogopa kusema. Usimlaumu mtu mwingine nyumbani kwako. Kaa vizuri na mume wako. Mkande mtoto asubuhi, jua likiwa bado dogo. Ni mimi mama yako, Dorsila."

Peres aliisoma akalia, akasema angalau amekubali. Mimi niliishika karatasi nikaisoma mara ya pili. Katika barua yake Peres hakuwa ametaja Jumamosi. Hakutaja maji. Hakuzijua habari hizo. Ni watu wawili tu duniani waliojua ni siku gani, na mmoja wao alikuwa amechukua kosa la mwingine, akalivaa kama nguo yake, ili binti yake abaki na ndoa.

Peres alimpelekea Ogutu ile barua, neno la chira lipate kuisha. Likaisha. Wazee wakaridhika, kumbe ilikuwa ajali ya mwanamke mzee. Walianza hata kutusalimia vizuri kanisani. Kila aliyenishika mkono alinizidishia mzigo.

Mama Dorsila alikufa Juni 1989. Walisema ni presha. Shemeji yangu alikuja mpaka kiwandani kunipa habari, na Ephantus akazima mashine bila kuambiwa.

Jumamosi mchana tulikutana nyumbani kwa Ogutu, Kangemi, watu wa kwetu kama ishirini hivi, kupanga safari ya mazishi. Peres alikaa kwenye mkeka na wanawake, Lornah mapajani mwake. Watu walikuwa wakimsifu marehemu, na kila sifa ilikuwa na mkia: mama mwema, ingawa lile jambo la mtoto, mchapakazi, ingawa uzee, mikono ilimlegea. Peres aliinamisha kichwa kila mkia ulipofika. Mama yake alikuwa anazikwa na kosa langu. Nikasimama.

"Mama Dorsila hakumwangusha Lornah," nilisema. "Ni mimi."

Ogutu akapunga mkono. "Keti, mwanangu. Hayo ni majonzi."

"Si majonzi. Nilikuwa nikimrusha juu nikicheza naye. Nikageuza kichwa. Mama alikuwa kwenye foleni ya maji."

"Anamsitiri mama mkwe wake," mwanamke mmoja alisema kwa huruma. "Mkwe wa namna hii mtampata wapi?"

"Afadhali huyu," mwingine akaitikia. "Wangu hata soda hakumnunulia mama yangu."

Watu wakacheka kidogo, cheko la msibani. Ogutu akaingiza mkono kwenye koti, akatoa ile barua, akaikunjua.

"Hii ni ya nani? Si ni marehemu mwenyewe amesema? 'Nilimwangusha Lornah. Niliteleza naye mlangoni.' Haya. Wewe unabishana na aliyekufa?"

"Alisema uongo, baba."

Mzee mmoja akaondoa kofia kichwani.

"Lazarus," Ogutu alisema kwa sauti ya chini, "mwili wa mama huyu haujaingia ardhini, na wewe unasimama nyumbani kwangu unamwita mwongo? Hata kama ingekuwa mkono wako, nani aliusukuma? Mlilala nyumba moja na mama mkwe. Chira ilitafuta mkono wa kupitia, basi. Keti chini."

Nilibaki nimesimama. Nilikuwa nimelificha neno lile mwezi baada ya mwezi nikidhani siku nitakapolitoa litaangusha nyumba. Lilikuwa limetoka, na hakuna hata aliyelipokea.

Ndipo Peres akainuka. Alipita katikati ya watu na Lornah mkononi, akaja mpaka mbele yangu, akamweka chini kwenye simenti.

"Mwinue," aliniambia.

"Peres..."

"Mwinue juu. Vile ulivyokuwa ukimwinua."

Niliinama. Nilinyosha mikono. Lornah aliniona ninavyoshuka, na mbele ya watu wote wale akakauka: shingo, vidole, mguu ule mfupi ukijivuta nyuma peke yake. Hakulia. Alinitazama kama alivyonitazama siku ile, na nikaona Peres akitazama uso wa mtoto, kisha wangu, kisha wa mtoto. Sikuweza kumgusa.

Ogutu aliikunja barua. Alijaribu kuirudisha mfukoni, ikakataa kuingia, akabaki ameishika.

Peres akamwinua mtoto mpaka kiunoni, si zaidi, akarudi kukaa na wanawake. "Tuendelee," alisema. "Basi linaondoka saa ngapi?"

Alikwenda kumzika mama yake. Hakuniambia nisije. Aliniambia tu kwamba basi limejaa.

Alirudi baada ya wiki tatu. Nilidhani amekuja kuchukua nguo. Aliweka mzigo chini, akasema bila kunitazama, "Nimerudi kwa sababu ya Indu. Hii miguu haina wa kuitibu kule. Jumamosi utakwenda umwambie kila kitu, hata sauti ya redio."

Nilimwambia Indu kila kitu. Alisikiliza huku akipanga mipira yake.

"Februari ningeambiwa hivi, ningeanza na wewe, si na mguu," alisema. "Miezi mitano, Lazarus. Kwa mtoto wa umri huu miezi mitano ni mingi." Kisha akanionyesha mkeka. "Lala chini."

"Mimi?"

"Wewe. Anakuogopa ukiwa juu. Basi usiwe juu. Ukifika nyumbani usisimame karibu naye, usimnyoshee mikono. Kaa chini, lala, tambaa. Yeye ndiye ataamua umbali."

Hivyo nikawa mwanaume anayetambaa. Kila jioni nikitoka River Road nilivua viatu mlangoni, nikashuka kwa magoti na viganja. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto la mabati, na majirani hawakuninyima maneno.

"Baba Lornah, umepoteza shilingi?"

"Mwacheni, anatafuta akili yake!"

Watoto wa ploti walikuwa wakija kuangalia kama sinema. Peres hakuwafukuza. Alipika, akaniruka miguu kuchukua chumvi, akaendelea kupika. Hatukuongea sana mwaka ule. Asubuhi alimkanda Lornah juani, na mara nyingine nilimsikia akiimba wimbo wa mama yake, akakatisha katikati kama aliyesahau, ingawa nadhani hakusahau.

Wiki za kwanza Lornah alinitazama tu kutoka konani. Septemba akaanza kuvuta mwili kunifuata, kwa makalio kwanza, kisha kwa magoti, mguu mmoja ukichelewa. Nikigeuka, anatulia. Nikiendelea, anaendelea. Oktoba alishika ukuta. Novemba, akiwa na kile kiatu cha soli nene, alitembea kutoka kitandani mpaka kwa Peres, hatua tisa, akainama na kuinuka kama mtu anayepita juu ya mawe. Peres alimkumbatia, akaegemeza kichwa chake kwenye tumbo la mtoto, akakaa hivyo mpaka uji ukamwagika. Kwangu Lornah hakuja. Alinizunguka kwa mbali kila siku, kama vile watu wanavyozunguka kisima kilicho wazi.

Jumapili moja ya Januari 1990 nilikuwa nimelala kifudifudi sakafuni, nimechoka, shavu kwenye simenti. Nilisikia kiatu chake kikija. Kizito, chepesi. Kizito, chepesi. Kikasimama karibu na sikio langu. Sikuinua kichwa. Kisha nikahisi goti mgongoni, na lingine, na uzito wake wote ukapanda, ukayumba, ukatulia. Alinishika shati kwa ngumi mbili.

Peres alikuwa mlangoni na beseni la nguo. Aliacha kukamua.

Lornah alikaa hapo muda. Nilikuwa nikipumua kidogo kidogo. Kisha akanipiga begani kwa kiganja.

"Dede," akasema, neno tunalowaambia watoto wanaojifunza kusimama.

Niliogopa kuliko siku niliyosimama kwa Ogutu. Nilimtazama Peres kwa pembe ya jicho, nikisubiri aseme hapana, na ningeshukuru. Aliweka beseni chini, akaja akapiga magoti kando yetu, mikono yake yote miwili ikiwa wazi, tayari, karibu na mtoto.

"Dede!" Lornah akanipiga tena.

Nikaweka viganja sakafuni, nikainua kifua kidogo. Ngumi zake zilikaza kwenye shati, mapaja yakanibana, na pumzi yake ikakatika, nikajua yuko pale tena, karibu na mabati. Nikaishia hapo hapo, nikangoja. Ikapita. Akapumua.

Nikavuta goti moja mbele.